Breki ya Mbele ya Dougal

Ukiwa na pikipiki iliyozeeka pale Mullabree, mji mdogo wa wakulima huko Australia, mara moja kwa mwaka ilikupasa kuipeleka gereji ya Vern Tuckwell, aikague na kukuandikia karatasi ya pinki. Bila karatasi ya pinki hakuna usajili, na bila usajili utakaa nyumbani ukitazamana na kondoo. Na Vern hakuwa mtu wa kukuandikia hivi hivi. Tairi limebakiza meno mafupi, rudi. Cheni inaning'inia, rudi. Indiketa moja haipepesi, honi inakohoa badala ya kulia, shokapu inatoka jasho la oili, rudi. Ukimletea ekzosi uliyoitoboa mwenyewe ili ingurume, ndiyo kabisa. Wakata manyoya ya kondoo walimbatiza jina la Bwana Rudi, na baadhi yao waliona heri waende kilomita themanini mpaka mji wa jirani kuliko kusimama mbele ya tochi yake.

"Huyu bwana," alikuwa akisema Nev Cutmore, mwenye baa, "hata punda wa Yesu angemrudisha. Angesema kwato zimelika."

Watu walicheka, na Vern akacheka nao, maana utani aliupenda. Lakini hakuna aliyemuuliza ukali huo aliutoa wapi. Hawakumuuliza kwa sababu walikumbuka vizuri mno kwamba zamani Vern hakuwa na tochi. Alikuwa na sikio.

Sikio lile lilisifika wilaya nzima. Pikipiki ikiwa bado iko huko kwenye maghala ya ngano, Vern alishajua ni ya nani, valvu zimelegea kiasi gani, na kama mwenyewe kagombana na mkewe asubuhi ile. Kwa hiyo ukaguzi mwingi ulifanyika kaunta ya baa. Mtu anafika, anaegesha nje, anaingia na kofia mkononi, na Vern kashatoa kitabu mfukoni kabla hajasalimiwa. "Si naijua?" ndiyo ilikuwa kauli yake, anaandika, anachana, anakupa. Pale Mullabree, kumulika pikipiki ya rafiki yako kwa tochi ilikuwa sawa na kumpekua mgeni mifuko mlangoni. Haikuwa uvivu, wala haikuwa hongo. Ilikuwa adabu. Na adabu nayo, jamani, imeua watu wengi.

Ndivyo alivyomwandikia Dougal Treloar. Ilikuwa mwezi wa tatu, miaka saba iliyopita, mwaka wa tatu wa ukame. Dougal alikuwa mkulima wa ngano kwenye ardhi isiyoota ngano tena, na rafiki wa Vern tangu walipokuwa wakiiba tufaha pamoja wakienda shule. Vern alimsikia akija, akasikia injini inaimba sawasawa, akaandika. Breki haina sauti mpaka uishike, na Dougal pale nje ya baa alifika taratibu, miguu yote miwili ikiburuta vumbi.

Baada ya siku kumi na moja, saa tisa mchana, jua kali, barabara kavu, Dougal hakukata kona ya daraja la kijito. Alinyoosha. Alipasua uzio wa seng'enge akaangukia kwenye kijito kisicho na maji, na walipomkuta alikuwa ameshakufa. Barabarani hapakuwa na alama yoyote ya breki, hata mkwaruzo.

Polisi aliyefika aliinua kiti cha pikipiki, akaikuta karatasi ya pinki imekunjwa vizuri. Akasoma jina la Vern. Siku kumi na moja tu. Akaandika kwamba chombo kilikuwa kizima, akaondoka bila hata kuchutama. Angechutama kutafuta nini, na Vern Tuckwell kashatia saini?

Basi watu wakajumlisha wenyewe. Pikipiki nzima, barabara kavu, dereva mzoefu, hakushika breki, na benki imeshaleta barua mbili. Mwaka huo wakulima wawili wengine walikwisha kwenda nyuma ya mabanda yao na bunduki, wakaacha chakula mezani. Mji ukaelewa. Lakini mdomoni mji ulisema kangaruu. Kangaruu karuka barabarani, maskini, Dougal akamkwepa. Mchungaji akasema kangaruu, akina mama walioleta keki za nazi wakasema kangaruu. Mimi watu wa Mullabree nimewazoea, na huruma yao ndiyo sijaizoea. Wakikuhurumia wanakutungia uongo, halafu wanakuacha peke yako ndani yake.

Ailsa, mke wa Dougal, hakuwa mjinga. Makaburini, watu walipoanza kurudi kwenye magari, alimshika Vern mkono wa koti.

"Vern, niambie wewe. Ile pikipiki ilikuwa nzima?"

Vern alimwona mchungaji anatazama, polisi anatazama. Akasema, "Nzima kabisa, Ailsa."

Mwanamke yule aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoitarajia. Tangu siku ile hakuonekana mjini. Alinunua vitu vyake mji mwingine.

Na Vern ndipo alipoanza kusikia. Kwanza ilikuwa sauti tu. Ikifika saa tisa, injini ya Dougal inatokea upande wa maghala, inashuka, inapita mbele ya posta, inasimama mlangoni pa gereji. Anainua kichwa, mlangoni hakuna mtu, ila vumbi na mbwa wa Nev amelala. Siku za mwanzo alikuwa akiuliza wateja, "Umesikia?" Wakamjibu, "Nimesikia nini?" Akaacha kuuliza.

Halafu ukaja mkono. Huo hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe alikufa bila kuambiwa. Kila akikagua pikipiki, akinyoosha vidole kwenye mkono wa breki ya mbele, anakuta umeshashikwa. Vidole vya mtu, vikavu, vya baridi hata mwezi wa kwanza jua likichoma, vimetangulia kulala pale, na vya kwake vinalala juu yao. Anabana, navyo vinabana. Akiachia, vyenyewe haviachii mara moja. Ndiyo maana alinunua tochi. Ndiyo maana alichutama, alilala chini, alipima kwa rula, aliwarudisha watu wazima kwa ajili ya skrubu. Watu walidhani uzee unamtia ukaidi. Alikuwa anaogopa tu, anaogopa kila wiki, na hofu yake akaivalisha sura ya kazi.

Alhamisi moja mchana, mwezi wa tatu tena, aliisikia ile sauti. Saa kwenye ukuta ilikuwa saa saba na robo. Vern akaitazama ile saa kama mtu aliyeibiwa. Mbona mapema?

Alitoka nje akijifuta mikono. Mbele ya baa palikuwa na pikapu ya akina Treloar, mbao zimeegemezwa nyuma, na wanaume wanne walikuwa wamekwisha kushusha pikipiki ya kijani, ile ya Dougal. Juu yake ameketi binti wa Dougal, Tamsin, miaka kumi na tisa, mabega ya baba yake, akiongeza na kupunguza mafuta ili injini isizime. Nev alikuwa amevua kofia. Wote walikuwa wamevua kofia.

"Anko Vern," alisema Tamsin. "Nimeileta ikaguliwe."

"Umeifufua wewe?"

"Miaka miwili. Kila wikendi. Ilikuwa bandani, chini ya turubai, imejaa viota vya panya."

"Mama yako anajua?"

"Anasikia kelele. Hajaja kuangalia."

Aliizungusha mpaka ndani ya gereji, akazima. Wanaume wakaingia nyuma yake, jambo lisilo la kawaida, maana hakuna anayependa kushuhudia mwenzake akiambiwa rudi. Nev akamwegemea Vern begani.

"Leo zima tochi, bwana. Mtoto kahangaika. Mwandikie twende tukampongeze, ya kwanza nalipa mimi."

"Pikipiki ya Dougal hiyo, Vern," mwingine akadakia. "Si unaijua?"

Vern alilisikia neno lake mwenyewe likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Kitabu kilikuwa mfukoni. Dakika moja tu, saini moja, na wote wangempigapiga mgongo. Alimtazama Tamsin. Binti hakuwa anatabasamu kama mtu anayengoja kupongezwa. Alikuwa anamtazama mikono.

"Ngoja niangalie," akasema Vern.

"Aa, Bwana Rudi huyo!" Nev akalalamika.

Alianza na matairi, mapya yote mawili. Cheni mpya, imekazwa vizuri, na sproketi zake. Taa ya mbele ilimulika inapotakiwa, indiketa nne zikapepesa sawa, honi ikalia mpaka mbwa akaamka. Aliinua gurudumu la mbele, Tamsin akilalia nyuma kwa uzito wake, akauzungusha usukani kushoto na kulia, ukaenda laini. Shokapu kavu. Kazi safi, na kifua kilimuuma kwa sababu Dougal angejivuna nayo mwezi mzima.

Ikabaki breki. Ya nyuma aliikanyaga, ikazama mpaka mwisho, imelika. Hilo halikumshangaza, ya nyuma kwa Dougal ilikuwa jina tu tangu zamani. Akanyoosha vidole kwenye mkono wa breki ya mbele, na vile vidole vingine vilikuwepo. Safari hii havikulala. Vilikuwa vimeshabana, kwa nguvu, mpaka vifundo vya vidole vya Vern vikauma. Aliung'oa mkono wake pale kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Vipi?" Nev akauliza.

"Zungusha gurudumu, Tamsin."

Binti akalizungusha. Vern akajilazimisha, akabana tena. Ikatoka sauti ya chuma kinachokwaruza chuma, kavu, ndefu. Gurudumu likaendelea kuzunguka taratibu, halikusimama.

Vern akachutama na tochi. Ilimchukua muda mfupi tu, mfupi kuliko muda wa kumimina bia. Pedi za breki hazikuwepo. Palikuwa na vibati vya chuma vitupu, vimesuguka mpaka vinang'aa pembeni mwa kutu.

"Pedi hizi umeziweka lini?"

"Sijaziweka."

"Ulizitoa, ukazirudisha?"

"Breki sikuigusa kabisa, Anko Vern. Nimebadilisha vyote, hiyo nimeiacha alivyoiacha baba." Sauti yake ilikuwa chini, imeshikiliwa. "Nilitaka kujua kama kuna mtu ataangalia."

Nev alirudisha kofia kichwani. Mmoja mmoja wanaume wakakumbuka shughuli zao, wakatoka wakitazama viatu.

"Mama anaamini baba alikusudia," alisema Tamsin walipobaki wawili. "Hajawahi kutamka. Lakini kila mwaka tarehe ile anakwenda kwenye kona, anatembea barabarani kichwa chini, anatafuta alama ya breki. Wameshamwaga lami mpya mara mbili pale. Bado anatafuta. Sasa nikuulize, na usiniambie kangaruu. Siku ile uliangalia?"

Miaka saba Vern alikuwa amelitayarishia swali hili majibu mengi, mengine ya kisheria kabisa. Hakutumia hata moja.

"Sikuangalia," alisema. "Nilimsikia tu akija. Nikaandika."

Tamsin hakumpiga, ingawa ngumi alikuwa amekunja. Vern angeona afadhali. Alichukua spana, kwa kuwa mikono yake haikujua kitu kingine cha kufanya, akafungua ile breki, akavitoa vibati akaviweka kwenye kitambaa. Kisha akaisugua diski, ile sahani ya gurudumu inayobanwa na breki, kwa sandipepa, taratibu, kutu ya miaka saba ikidondoka kama unga wa pilipili. Chini ya kutu palikuwa na mifereji, mingi na ya kina, imekwenda mviringo. Na kuizunguka mifereji ile chuma kilikuwa na rangi ya buluu, ile buluu iliyoiva ya bomba la ekzosi lililoungua. Akainua tochi. Akaishusha. Akaiinua tena.

"Nini?" Tamsin aliuliza. "Anko Vern, nini?"

"Chuma hakiwi hivi kwa kukaa bandani," alisema Vern. "Hiki kimeungua. Kimebanwa pikipiki ikiwa mbioni, kikabanwa bila kuachiwa, mpaka kikapata moto. Alama barabarani ungeipata kama gurudumu lingegoma kuzunguka. Halikugoma, pedi hakuna, chuma kikawa kinateleza juu ya chuma. Tamsin, baba yako alishika breki. Aliishika kwa nguvu zake zote."

Binti alikaa chini pale pale sakafuni kwenye oili. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati na kusimama.

"Siyo mimi wa kwenda kumwambia," alisema. "Utakwenda wewe. Sasa hivi."

Vern alitoa kitabu. Akaandika imeshindwa, na kwenye sababu akaandika breki ya mbele, pedi zimekwisha kabisa, diski imeharibika. Maneno ya kawaida, aliyaandika kila mwezi. Aliharibu karatasi ya kwanza, akaandika nyingine.

Ailsa Treloar alikuwa jikoni anamenya nyanya za kuhifadhi kwenye chupa, beseni mbili zimejaa mezani, mvuke umefunika dirisha. Alipomwona Vern mlangoni hakuinuka.

"Vern."

"Ailsa."

"Umezeeka."

"Ndiyo. Nimezeeka."

Tamsin alibaki kizingitini. Vern alikifungua kitambaa mezani karibu na maganda ya nyanya, vile vibati viwili vikaonekana, na diski aliyoifungua ikiwa bado na vumbi jekundu la kutu upande mmoja. Akasema kwa kusimama, maana hakukaribishwa kiti, na hata angekaribishwa asingekaa.

"Makaburini uliniuliza kama pikipiki ilikuwa nzima. Nikakwambia nzima. Nilikudanganya. Sikuikagua, Ailsa. Niliandika karatasi nikiwa na glasi mkononi. Breki yake ya mbele ilikuwa imebakiza siku chache tu, na mtoto mdogo mwenye tochi angeliona hilo."

Kisu kiliendelea kumenya. Ganda moja refu, halikukatika, likashuka mpaka mezani.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Ailsa.

"Ni mimi."

"Miaka saba nalala na mtu aliyeamua kuniacha. Namuuliza kila siku nimemkosea nini. Siku ile asubuhi nilimfokea kwa sababu ya matope sebuleni, Vern. Matope. Nikasema huenda ni hayo. Na wewe ulikuwa unajua."

"Sikuwa najua. Nilikuwa naogopa kujua."

"Afadhali ungejua." Alimenya nyanya nyingine. Halafu akauliza, bila kuinua macho, kwa sauti ndogo ambayo Vern hakuwahi kuisikia kwake, "Alishika breki?"

Vern alimsogezea ile diski. Alimwonyesha mifereji kwa kidole, akamwonyesha buluu, akamweleza kama alivyomweleza binti yake, neno kwa neno, kwa nini barabara haikuwa na alama na kwa nini isingekuwa nayo hata angeshika kuanzia maghalani.

"Alishika," alisema. "Hakuiachia mpaka mwisho."

Ailsa aliweka kisu chini. Alipitisha kidole kwenye ule mfereji wa ndani kabisa, polepole, akauzunguka wote mpaka akarudi alipoanzia.

"Sema tena."

"Alishika breki, Ailsa."

"Tena."

"Alishika breki. Alitaka kusimama. Alikuwa anarudi nyumbani."

Kila Vern alipotaka kunyamaza, mwanamke yule aliinua mkono wenye maji ya nyanya, naye akasema tena, na tena, mpaka sauti ikamwisha na maneno yakatoka kama mnong'ono. Hakusamehewa, wala hakuomba. Hatimaye Ailsa akajibu, ila si Vern aliyejibiwa. Aliitazama ile diski kana kwamba mtu ameingia amechelewa chakula.

"Mpumbavu wee," alimwambia mumewe. "Sasa kwa nini hukuniambia kwamba breki imekwisha?"

Akaikumbatia ile diski, nzito na chafu, kifuani kwenye aproni, na kwa mara ya kwanza tangu wamzike akamlilia.